Mhasibu aliyetaka kuuza baiskeli yake

Baiskeli ilifika karakana ikisukumwa. Aliyeisukuma alikuwa na shati la ofisini, tai ameikunja mfukoni, na pedeli moja ya baiskeli ilikuwa imepinda kuelekea ndani. "Fundi, nitafutie mteja," akasema hata kabla hatujamaliza kusalimiana. "Bei yoyote."

Anayeuza kwa bei yoyote hauzi, anakimbia. Nikamvutia kigoda, nikamwuliza anakimbia nini.

Kisa chake nakiandika kirefu kwa sababu si chake peke yake. Wanaoanza kwenda kazini kwa baiskeli mjini na kuacha baada ya wiki chache hupita kwangu kutafuta mteja, na maneno yao hufanana: nimechoka, natoka jasho, naogopa. Anayewasikiliza huwaona wavivu au waoga, basi, mazungumzo yanaishia hapo. Kwa huyu niliamua kufuatilia hadi mwisho, kwanza mezani kwangu, kisha barabarani. Jina lake tuliache pembeni, tumwite Mhasibu, maana ndiyo kazi yake.

Ana miaka 41 na kilo 84. Kutoka nyumbani hadi ofisini ni kilomita 9 kwa barabara kuu. Miaka yote alikwenda kwa gari, akikaa foleni asubuhi na jioni, hadi siku moja mwendesha baiskeli yuleyule alipompita kwenye taa tatu zilizofuatana. Akanunua baiskeli iliyokwisha kutumika, nzuri tu, ya gia saba. Akaiendesha wiki saba.

Na kwa kuwa ni mhasibu, aliweka daftari. Safu nne: tarehe, dakika, pancha, maoni. Wiki ya kwanza alitumia wastani wa dakika 43 kwa safari. Kuanzia wiki ya tatu safu ya maoni inaanza kutaja goti la kulia. "Nimebadili shati" iko karibu kila siku. Pancha tano. Wiki ya saba wastani ni dakika 47.

Hizo dakika nne ndizo zilizonishika. Anayeanza baiskeli huanza polepole, kisha mwili unazoea, mapafu yanafunguka, muda unapungua. Huyu alikuwa anapata nguvu huku akizidi kuchelewa. Kuna kitu kilikuwa kinaila ile nguvu njiani.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tarehe ya jana yake tu. Safu nyingine zote tupu. Hilo sikuliuliza kwanza.

Mezani

Nilianza na tairi, kwa kidole gumba. Lilibonyea kama godoro. Geji ikasoma PSI 28 nyuma na 24 mbele, PSI ikiwa ni kipimo cha msukumo wa hewa. Ubavuni mwa tairi, kwa maandishi madogo ambayo wengi hawayasomi kamwe, kuna mambo mawili: 37-622, yaani upana wa milimita 37 na kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa kwenye ringi, na kiwango cha upepo, kuanzia PSI 50 hadi 85. Mhasibu alikuwa anatembelea kama nusu ya kiwango cha chini kabisa.

"Lakini halina pancha," akasema.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Kwake tairi lina hali mbili: limepasuka au liko sawa. Tyubu haikai hivyo. Hewa hupenya kwenye mpira wenyewe kidogo kidogo, hata pasipo tundu, na tairi jembamba la baiskeli lenye hewa kidogo tangu mwanzo huonyesha upungufu huo mapema kuliko la gari. Asiyeshika pampu walau mara moja kwa wiki mbili anapanda kilima ambacho hakipo. Mwaka 1888 daktari wa mifugo huko Belfast, John Boyd Dunlop, alipata hataza ya tairi la upepo baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na tangu hapo kinachombeba mpandaji ni hewa. Mpira ni mfuko wa kuishikilia tu.

Nikaitoa tyubu ya nyuma, nikaitandika mezani. Viraka vitano. Nilivibandua pembeni kimoja kimoja ili tuone matundu yalivyokaa, na chini ya viraka vinne matundu yalikuwa mawilimawili, yamepangana, yameachana kiasi cha upana wa kidole. Mafundi tunayaita meno ya nyoka. Hayatobolewi na msumari wala kioo. Tairi laini likigonga ukingo wa shimo hubonyea hadi chini, ringi ikakutana na barabara, na tyubu iliyo katikati ikang'atwa pande mbili kwa mpigo mmoja. Kiraka cha tano tu ndicho kilichofunika tundu moja, la kipande cha kioo. Daftarini pancha zote tano zimeandikwa "vioo barabarani". Mwenyewe alipoyaona yale meno alikaa kimya, kisha akachukua kalamu akafuta mistari minne.

Kila alipoziba pancha alijaza upepo kwa kipampu kidogo cha kubeba mkobani, akiachia pale mkono ulipochoka. Mkono huchoka mapema. Nilimwelekeza anunue pampu ya kusimamia yenye geji, ajaze 70 nyuma na 60 mbele. Nyuma zaidi kwa sababu uzito mwingi wa mtu unakaa huko.

Cheni haina hadithi ndefu. Ilikuwa kavu na nyeusi. Ukianza pini moja ukahesabu 24 mbele yake, cheni mpya itakupa milimita 304.8, yake ilitoa 307. Ikivuka nusu asilimia unaibadilisha, kwa sababu ukingoja ifike asilimia moja itakuwa imekwisha kuyala na meno ya gia, na hapo utanunua vyote. Tukaibadilisha.

Kiti ndicho kilichotugombanisha. Kilikuwa chini kiasi kwamba akikaa, nyayo zote mbili zililala sakafuni. Goti la mtu wa namna hiyo halikunjuki. Linasukuma likiwa limejikunja, maelfu ya mara kila asubuhi, na maumivu huja mbele, chini kidogo ya pia ya goti. Ndipo alipoonyesha kwa kidole. Kipimo cha haraka ni hiki: kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha pale sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo. Kiti kilitaka kupanda sentimita 6.

"Sasa miguu nitaiwekaje chini?" akauliza, na sauti yake ilibadilika.

Huiweki ukiwa umekaa. Ukisimama unashuka kitini kuja mbele, mguu mmoja chini, mwingine juu ya pedeli iliyoinuliwa tayari kwa kuondoka. Alijaribu uani mara kama kumi, akiyumba, akicheka kwa aibu. Nami nikaanza kuona kitu ambacho nilikuja kukiona tena barabarani: kiti kile hakikushushwa na aliyemwuzia. Alikishusha mwenyewe, wiki ya kwanza, kwa woga, ili ardhi iwe karibu. Woga huo ukamlipa goti bovu.

Jasho

Hapa sikai sana, maana dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mwili wa binadamu ni injini inayopoteza joto jingi. Karibu robo tu ya nishati unayochoma inafika kwenye pedeli, iliyobaki ni joto. Ukisukuma wati 100, umewasha kando yake jiko la wati 300 na zaidi ndani ya shati. Na upepo hausamehe: nguvu ya kuukata hupanda kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 15 kwa saa hadi 20 upepo unadai zaidi ya mara mbili.

Mhasibu alikuwa na begi mgongoni, mahali hasa ambapo mwili ungepoa, na alimalizia kilomita ya mwisho kwa kasi kubwa kuliko zote kwa sababu alikuwa amechelewa. Kisha anasimama ghafla mlangoni pa ofisi. Upepo uliokuwa unampooza unakatika, joto bado liko ndani, na jasho linamwagika akiwa ndani ya lifti na wenzake. Begi likahamia kwenye keria. Dakika kumi za mwisho anaendesha kama mtu asiye na haraka, akifika anasimama nje kwenye kivuli kwanza, ndipo anajifuta na kubadili shati. Suruali na viatu vya kazi vinalala ofisini. Basi.

Lori

Sasa ule ukurasa mtupu. Kisa chake alikitaja mwisho, kama jambo la kupitia tu: "Na jana nusura lori linibane." Kwa uzoefu wangu, jambo linalotajwa mwisho kwa sauti ya chini ndilo lililoileta baiskeli karakanani.

Nilimwomba anieleze taratibu, nikachukua chaki nikachora sakafuni. Makutano yenye taa. Lori refu lenye tela limesimama mbele, taa nyekundu. Kati ya lori na ukingo wa barabara kuna nafasi ya kama mita moja na nusu, na pembeni mwa ukingo kuna reli za chuma za kuzuia watembea kwa miguu. Mhasibu, kama alivyofanya kila siku kwa wiki saba, akapita kwenye ile nafasi taratibu ili afike mbele. Taa ikawa kijani akiwa usawa wa ekseli ya pili.

"Lori likaanza kwenda kule," akasema, akionyesha upande wa mbali na ukingo. "Nikaona nafasi inaongezeka. Nikajua linaniachia."

Halikuwa linamwachia. Lori refu likitaka kukata kona ya upande wa ukingo, dereva huanza kwa kulipeleka upande wa pili ili apate nafasi ya kugeuzia. Kisha kichwa kinarudi, na magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele: yanakatiza ndani, karibu na kona, na kadiri gari lilivyo refu ndivyo yanavyokatiza zaidi. Ile nafasi inayofunguka ndiyo ileile inayofunga. Aliyesimama ndani yake anaona mlango ukifunguliwa, kumbe ni mdomo.

Alifanya jambo moja sahihi. Hakujaribu kulikimbia. Aliruka, akashika reli kwa mikono miwili, akaiacha baiskeli. Gurudumu likagusa pedeli, likaikunja, likapita. Dereva hakusimama, na mimi siamini kwamba alijua. Kutoka kwenye kiti cha lori refu, mtu aliye ubavuni chini ya dirisha la abiria haonekani kwa macho, na vioo havimshiki vizuri. Mji wa London ulilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba tangu Machi 2021 lori la zaidi ya tani 12 haliruhusiwi kuingia bila kibali kinachotegemea nyota: sifuri hadi tano, kwa kadiri dereva anavyoweza kuona kwa macho yake kupitia madirisha. Oktoba 2024 kiwango kikapandishwa hadi nyota tatu, na lori lisilofikia hapo lazima lifungwe vifaa vya ziada vya kumtambua aliye ubavuni. Ni utaratibu ninaoupenda kwa sababu haukuanza kwa kumwuliza mwenye baiskeli kwa nini hakuvaa kizibao cha kung'aa.

Lakini Mhasibu hafanyi safari zake ndani ya utaratibu huo, na kesho yake lori lingine lingekuwa palepale. Nikamwambia baiskeli siuzi kwanza. Nipe siku moja niendeshe nyuma yako.

Tulitoka Jumatano saa moja asubuhi, mimi mita kama 15 nyuma. Nilichokiona sikukitarajia. Yule mtu mwangalifu, mwenye daftari, alikuwa anaendesha mahali pabaya kuliko pote barabarani, na alipachagua kwa uangalifu mkubwa. Alijibana kiasi cha shibiri moja na nusu kutoka ukingoni. Huko ndiko mchanga unakokusanyika, vioo, mifuniko ya mitaro iliyozama. Kila shimo la ukingoni lilikuwa lake, na ndiyo yaliyomng'ata tyubu. Na kwa kuwa alijibana, aliacha nafasi kati yake na mstari ambayo haikutosha gari lakini ilimtia dereva tamaa. Walimpita ndani ya leni ileile, bila kuhama, kioo cha pembeni kikipita karibu na kiwiko chake. Mimi niliyekuwa nyuma yake, nikiendesha mita moja na zaidi kutoka ukingoni, magari yaleyale yalihama leni kunipita. Sekunde chache kabla, madereva walewale.

Palipokuwa na magari yaliyoegeshwa ilikuwa mbaya zaidi. Gari limeegeshwa: anatoka nje kulizunguka. Nafasi tupu ya magari mawili: anarudi ukingoni. Gari lingine: anatoka tena. Dereva aliye nyuma anamwona akipotea na kuibuka, na akiibuka ni ghafla. Halafu milango. Kwa kilomita 18 kwa saa unakwenda mita 5 kila sekunde, na mlango wa gari hufunguka chini ya sekunde moja. Ukiwa karibu na magari yaliyoegeshwa hakuna breki itakayokusaidia. Kinachosaidia ni kuwa mbali nayo, zaidi ya mita moja, mstari mnyoofu, bila kuzama kwenye mapengo. Kanuni za barabarani za Uingereza zilizorekebishwa Januari 2022 zinamshauri aliye ndani ya gari afungue mlango kwa mkono ulio mbali nao, ili mwili ugeuke na macho yatazame nyuma. Ni ushauri mzuri sana. Siwezi kuuingiza kwenye kichwa cha kila abiria anayeshuka, ila mita moja ninaweza kuichukua mwenyewe.

Tulipofika makutano ya lori nilimwona akianza tena kupenya ukingoni, kwa mazoea, mguu ukitetemeka. Nikapiga kengele. Akasimama.

Pale pale, nyuma ya gari lililokuwa mbele, nikamwonyesha pa kukaa: katikati ya leni, si ubavuni mwa mtu. Unangoja nyuma kama unavyongoja ukiwa na gari. Kama mbele kuna lori, unabaki nyuma yake kwa umbali ambao unaiona sura ya dereva kwenye kioo chake. Usipomwona, naye hakuoni.

"Watanipigia honi," akasema.

"Anayekupigia honi amekuona."

Hakucheka. Lakini siku hiyo ilipigwa honi moja tu, na haikuwa yetu.

Hapo nikamwambia nilichokuwa nakifikiria tangu kwenye kiti. Aliogopa kuanguka, akashusha kiti, akapata goti. Aliogopa magari, akajibana ukingoni, na ukingo ukampa pancha, milango, na mwisho lori. Aliogopa kuchelewa, akakazana mwishoni, akaingia ofisini ameloa. Hatari zote alizokuwa akizikimbia alikuwa akizifuata.

Njia ya gari na njia ya baiskeli

Kukaa katikati ya leni si dawa ya kila barabara, na ninawahofia wanaoihubiri hivyo. Kuna kipande cha kilomita mbili kwenye barabara ile ambapo magari yakipata uwazi yanakwenda kasi mara tatu ya baiskeli, na pale huwezi kujifanya gari. Nikamwuliza kwa nini anapita huko.

"Si ndiyo njia?"

Ndiyo njia ya gari lake. Alipohamia baiskeli alibadilisha chombo, ramani akaiacha ileile kichwani. Karibu kila anayeanza hufanya hivyo, na mara nyingi nyuma ya barabara kuu, mitaa miwili mitatu ndani, kuna njia ambayo mwenye gari hajawahi kuiona kwa sababu imejaa matuta, au inaishia kwenye kichochoro cha waenda kwa miguu.

Tuliijaribu siku isiyo ya kazi. Kilomita 10.5 badala ya 9. Mhasibu aliona nyongeza ya kilomita moja na nusu akatikisa kichwa, ikabidi tufanye hesabu kwa lugha yake. Barabara kuu alisimama mara 22 kwa wastani, alizihesabu yeye mwenyewe. Njia ya ndani, mara 6. Mtu, baiskeli na mzigo, kilo 100 kwa pamoja, vikitoka kwenye kusimama hadi mita 5 kwa sekunde vinahitaji jouli 1,250, na ukifunga breki zote zinageuka joto kwenye ringi. Kwenye tambarare, kwa mwendo huo, nishati hiyo ingekupeleka kama mita 80. Basi kila kusimama ni kujiongezea mita 80. Vituo 16 vilivyopungua ni karibu kilomita 1.3.

Akaandika. Akavuta mstari chini. "Kwa hiyo umbali unakaribia kulingana."

Kwa miguu yake, ndiyo. Kwa akili yake, njia ya ndani ni fupi zaidi. Huko Copenhagen, kwenye barabara ya Nørrebrogade, taa zimepangwa kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ili mwenye baiskeli anayekwenda hivyo akutane na kijani mfululizo. Mahali pengi taa hupangwa kwa kumfikiria mwenye gari, kwa hiyo mwenye baiskeli anazitafutia njia ya kuzikwepa.

Daraja

Kipande kimoja hatukukipatia jibu. Njia zote mbili zinakutana kwenye daraja la kama mita 350, leni moja kila upande, hakuna bega la barabara, kuta za zege, magari yanayoshuka kilima. Nilijaribu kulivuka nikiwa katikati ya leni. Nimeendesha baiskeli mjini miaka mingi na sikulipenda. Nilimwambia ashuke, asukume baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu. Dakika nne hivi.

Alichukia. Kushuka kulimfanya ajione ameshindwa, na wapo waendesha baiskeli watakaosema nimemfundisha woga. Sikubaliani nao. Mambo mengine katika kisa hiki yalikuwa yake kuyarekebisha: upepo, kiti, mahali pa kukaa kwenye leni. Daraja si lake. Mwaka 1971 nchini Uholanzi walikufa barabarani zaidi ya watu 3,000, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto, na wazazi waliotoka mitaani mwanzoni mwa miaka ya 1970 chini ya jina Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto, hawakudai watoto wafundishwe kuendesha vizuri zaidi. Walidai barabara zibadilishwe. Baiskeli ambazo wageni huzipiga picha huko leo zilirudi kwa wingi baada ya zege kuhamishwa. Ustadi wa mpandaji una mwisho, na kwa Mhasibu mwisho huo uko kwenye nguzo ya kwanza ya daraja.

Baada ya miezi miwili

Daftari linasema wastani wa dakika 39, pamoja na zile nne za kusukuma. Shati bado anabeba, lakini siku nyingi halifunguliwi begini. Jioni anachelewa dakika tano sita kuliko asubuhi, kwa kusudi: jua likiwa chini mgongoni pake, dereva anayekuja mbele yake anaangaliana na jua na hamwoni, kwa hiyo kwenye kila mtaa unaoingia anapunguza mwendo hata kama haki ya kupita ni yake. Mvua kubwa ikinyesha hapandi. Breki za ringi zikiloa huchukua umbali mrefu zaidi kushika, na hakuna kikao cha ofisi kinachostahili kujaribiwa kwa hilo.

Kosa langu nalo liandikwe. Kiti nilikipandisha sentimita 6 kwa siku moja. Baada ya siku kumi maumivu ya mbele ya goti yalitulia, goti likaanza kuuma nyuma, kwenye mshipa, na nilipomtazama akiendesha niliona nyonga zikibembea kulia na kushoto akizifikia pedeli kwa shida. Kile kipimo cha kisigino tulikifanya akiwa na viatu vyenye soli nene. Siku za kazi huendesha na vyembamba. Nikakishusha sentimita moja. Ilinipasa kupandisha kidogo kidogo, na kwa viatu vyake vya kila siku.

Juzi niliona baiskeli ile inakuja tena ikisukumwa, na moyo wangu ukaruka. Alikuwa na shati la ofisini, tai shingoni safari hii.

"Nyuma," akasema.

Tukatoa tyubu, tukaijaza upepo, tukaizamisha kwenye karai. Aliinama kuliko mimi, karibu pua iguse maji, akiizungusha polepole kwa mikono yote miwili. Viputo vikatoka. Akasubiri, akaizungusha tena hadi mwanzo, akatazama kushoto na kulia mwa vile viputo.

"Tundu moja tu," akasema, akatoa daftari kwa mkono uliolowa.